Mama mkwe aliniachia Krishna wake nimhudumie, nikapata utulivu nilioukosa tangu msiba

Wakuu, habari za humu. Wakubwa shikamooni.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, hapa hapa Bagamoyo. Sijaongeza chumvi.

Mimi ni Mhindu wa Kigujarati, nimezaliwa Tanga, nimeolewa hapa mtaa wa Dunda. Kiswahili ndiyo lugha ninayoiota, kwa hiyo msishangae.

Mume wangu alifariki kwa figo. Tuliuguza muda mrefu, safari za Dar kusafisha damu mpaka manesi wakawa kama ndugu. Alipoondoka nikabaki na mama yake, tunamwita Ba. Mwaka haujaisha, Ba akaanguka bafuni, nyonga ikavunjika.

Nikaanza kuuguza upya. Kugeuza, kuogesha, kulisha. Na duka la vitambaa linanisubiri.

Sasa, Ba ana Krishna wake mdogo wa shaba, umbo la mtoto anayetambaa. Kwa imani yetu yule ni Mungu aliyekubali kukaa nyumbani kwako kama mwanao. Anaamshwa alfajiri, anaogeshwa maji ya uvuguvugu, anavikwa nguo, anapelekewa chakula kabla ya mtu yeyote kula. Umeme ukikatika anapepewa. Huduma hiyo inaitwa seva, na Ba ameifanya tangu alipoolewa.

(Najua kuna watakaoandika "sanamu". Andikeni tu, nimeshazoea.)

Ba alipolala kitandani kazi ikawa yangu. Nikawa naifanya kama kuosha vyombo.

Siku moja nikamwambia, "Ba, nimechoka. Nyumba hii naogesha watu wawili."

Akasema, "Mwambie Krishna. Mimi nikijua umechoka nitafanya nini? Hata kukaa siwezi."

Nilikasirika wakuu.

Baadaye shemeji akaja kutoka Dar, akaona nilivyokonda, akasema anamchukua mama yake ili nipumzike. Sikubisha hata kwa adabu.

Ba akaomba kitu kimoja, Krishna abaki. "Kule ghorofani kwao wanalala mpaka jua kali. Nani atamwamsha?"

Wakaondoka.

Kesho yake niliamka jua limeshafika dirishani. Nyumba kimya, hakuna wa kuniita. Nikachemsha chai, nikakaa nayo, nikashindwa kuinywa. Yule mtoto pale ndani hajaamshwa.

Hakuna aliyekuwa ananiangalia. Ningekunywa tu.

Nikapasha maji. Namfuta mgongo kwa kitambaa, maneno ya Ba yakanijia, nikamwambia. Nimechoka. Nikasema tena. Halafu nikalia kilio ambacho msibani sikukilia, maana msibani nilikuwa nahangaika na wageni.

Muujiza haukutokea. Nilimvika, nikamwekea maziwa na jani la tulasi, mrihani wetu mtakatifu, nikakaa sakafuni. Kifua kilichokuwa kimebana tangu enzi za hospitali kikalegea. Kwa miaka yote ile, hii ndiyo mara ya kwanza nahudumia bila kuogopa kwamba ninayemhudumia atakufa.

Baada ya hapo nikawa naisubiri alfajiri. Jirani yangu Bi Mwanaidi, mtu wa swala tano, akawa ananipitishia asmini za uani kwake. Alisema, "Maua nakupa wewe mwanangu. Utayapeleka wapi, hilo lako na Mola wako." Nikaona hiyo ni heshima kubwa.

Ba hakukaa sana Dar. Aligoma kula mpaka akarudishwa. Alipobebwa kuingizwa ndani akaomba apitishwe kwanza kwa Krishna. Akamtazama weee, kisha akasema, "Amenawiri."

Nikamwambia, "Karibu nyumbani Ba." Na nilimaanisha.

Kiukweli bado nachoka. Mgongo unauma, duka nafungua kwa kuchelewa, usingizi ni wa kuiba. Ila hasira imeondoka mikononi. Nikimgeuza Ba namgeuza taratibu, kama ninavyomshika yule wa shaba, na Ba haniambii tena kwamba namuumiza.

Nilichojifunza ni kwamba nilikuwa nasubiri kazi iishe ndipo nipate amani. Kazi haiishi. Amani nimeipata humo humo ndani yake, kidogo kidogo, na inatosha kuniamsha kesho.

Nyie mnaouguza wazazi, wa dini yoyote ile, mnajishikilia na nini? Naomba tuambiane, hata kwa mstari mmoja.

Ba anataka kugeuzwa, ngoja niende.