Viatu Ndani ya Kihenge

Juzi pale Chapwa, nje ya ofisi ya kata, nilimwona mama mmoja akimvua mtoto viatu na kuvificha kikapuni. Nilipigwa na butwaa. Pua yangu ikajaa harufu ya kahawa iliyomenywa ikichacha nyuma ya nyumba, kule Ihanda nilikolelewa.

Mama Upendo hakunizaa. Alinichukua baada ya mama yangu kufariki. Mchana mmoja, tuliposikia pikipiki ya afisa ustawi wa jamii ikipanda mlima, alinivua viatu vyangu vipya akavitumbukiza kwenye kihenge cha mahindi.

"Akiviona atasema tunajiweza, atatunyima posho ya kukulea," alininong'oneza.

Posho sikuijua. Nilidhani viatu vinarudishwa dukani, nami narudishwa nilikotoka.

Afisa aliitazama miguu yangu, akaandika kwa muda mrefu.

"Huyu mtoto hana viatu?"

Niliangua kilio. "Ninavyo! Viko kwenye mahindi!"

Mama Upendo alinikazia macho. Nikajua nimemponza.

Afisa alivitoa mwenyewe, akavipangusa vumbi, akanivalisha.

"Mama Upendo, hela hii ni ya anayemtunza mtoto," alisema. "Nilipomwona pekupeku, nilishaandika aondolewe kwako."

Mama alinishika mkono mpaka ukaniuma.

Juzi pale Chapwa nilivuka barabara mbio, karibu nigongwe na bodaboda.

"Mvalishe, mama," nilimwambia yule mama wa kikapu huku nikihema. "Mvalishe kabla hamjaingia."