Magunia Matano ya Bashay

Manyara ilipofanywa mkoa, nilikuwa bibi shamba wilayani Mbulu, na nilikuwa nimechoka. Watumishi tulikuwa wachache, kata nyingi. Katika kata ya Bashay nilipata muda wa kupima mashamba mawili tu. La bondeni lilitoa magunia manane kwa ekari, la mlimani mawili. Fomu ya mkoa ilitaka wastani. Nikaandika matano, nikapeleka.

Baadaye ikatoka orodha ya kata za kupewa mahindi ya njaa. Bashay haikuwemo; tangazo lilisema magunia matano kwa ekari yanatosha. Nilipopita kwa mama wa lile shamba la mlimani, mjane anayelea wajukuu wanne, nilimkuta anapepeta mtama kidogo.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Hayo magunia matano uliyoandika, yako kwa nani?”

Nilirudi ofisini nikamweleza mtakwimu wetu, mzee aliyewahi kufundisha hesabu. Akachora mistari miwili inayokutana kwa pembe mraba, mmoja wa kila shamba, akaweka nukta moja penye nane kwa huu na mbili kwa ule. Kisha akachora mstari wa mshazari, ambapo mashamba yote mawili yangelingana. Kutoka kwenye nukta akapiga mstari mfupi kabisa kuufikia. Ukagusa penye tano na tano, kwa pembe mraba.

“Hapo ulipogusa ndipo wastani wako,” akasema. “Huu mfupi ni mabaki. Tatu zaidi, tatu pungufu. Ukijumlisha unapata sifuri, ndiyo maana kwenye fomu hayaonekani. Na kwa kuwa yamesimama pembe mraba na wastani, wastani peke yake haukuambii urefu wake.”

“Kwa hiyo nilikosea?”

“Hesabu ni sahihi. Ila umepeleka upande mmoja tu wa pembetatu; huu mfupi umeuacha.”

Nikaandika upya, na mabaki yake. Mkoani wakasema fomu ina nafasi ya namba moja tu. Nikauchukua ule mchoro, nikapanda basi hadi Babati, makao ya mkoa, nikakaa kwenye benchi siku mbili. Afisa aliponiita aliweka kidole kwenye mchoro, penye mbili.

“Huyu wa magunia mawili unamfahamu?”

“Namfahamu. Nimekaa kwake.”

Akaidhinisha mahindi kwa kaya za mlimani tu. Yalichelewa kufika. Yule mama alikuwa ameshawapeleka wajukuu wawili kwa ndugu zake Hanang. Siku ya mgao alipokea fungu lake, akaniuliza kama nimekula. Nilimwambia ndiyo, ingawa sikuwa nimekula, nikaketi kwenye kigoda chake nikasinzia.