Mlango Wenye Meno

Fundi wa magauni alikuwa na ulimi mkali kuliko mkasi wake, lakini siku hiyo ulimi ulimganda. Kisa kidole. Asubuhi, akimlisha mama mkwe wake, bibi ambaye siku hizi hakumjua hata mwanawe wa kuzaa, aling'atwa kidole cha kati mpaka damu ikatoka.

Na wifi yake alishamwonya zamani: "Mama yetu haumi watu. Ukiyatoa nje maneno hayo, hapa kwetu usikanyage tena."

Haya, mtu aseme nini? Akavaa kastabini, ile kofia ya chuma ya kushonea, juu ya alama za meno, akakaa kwenye cherehani. Mteja gani angemshangaa fundi mwenye kastabini? Ila kidole hakina siri. Kikapwita, kikafura, na kufika adhuhuri kastabini ikagoma kutoka.

"Nimebanwa na mlango," alimwambia nesi wa zahanati.

Nesi, mama wa makamo asiyecheka ovyo, alipaka sabuni, akavuta mpaka kastabini ikachomoka, akakigeuza kidole kwenye mwanga.

"Mlango wako una meno, dada?"

Fundi akajaribu kukificha kidole.

"Sikiliza. Kama ni mlango, nakusafisha unakwenda zako. Kama ni mdomo wa mtu, nakupa antibiotiki leo hii, usaha usije ukaingia kwenye kiungo. Mdomo wa binadamu mchafu, usione unaongea vizuri. Ukikipoteza hiki, utashona na nini?"

Jamani, kubanwa ndiko huku! Huku kidole, kule ukoo. Fundi akaangua kilio mbele ya wagonjwa wote.

"Ni mama mkwe. Usimwandike, nakuomba."

"Nitaandika umeng'atwa. Jina halinihusu."

Akamwosha kwa sabuni na maji ya bomba, muda mrefu. Kidonda akakiacha bila kushona, maana cha meno hakifungwi hovyo. Akamchoma sindano ya pepopunda, akampa vidonge: avimalize vyote, hata maumivu yakiisha.

Nyumbani alifungua kwa ufunguo mlango aliomfungia bibi asipotee, akaingia. Bibi akaiona bendeji, uso ukamsawijika.

"Masikini, mwanangu! Nani kakuumiza? Nitajie nikamkomeshe."

Fundi akageuka kuutazama mlango.

"Mlango, mama."

Bibi akajikokota hadi mlangoni, akauchapa kofi. "Usirudie!" akaufokea. Kisha akarudi kukipuliza kidole, polepole, kama cha mtoto.

Fundi akameza kidonge cha kwanza. Akaenda kuufunga mlango kwa ndani.