Folda Aliyoiacha Wazi Magesa

Ipo asubuhi moja ya Musoma isiyonitoka kichwani, mwanangu. Wewe unayejifunza C, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ukidhani mashine haichoki, tulia unisikie.

Biashara huria ilikuwa ndiyo kwanza imeingia, baada ya dhiki ya kupanga foleni hata kwa sabuni. Kiwanda cha samaki kilifunguliwa kando ya ziwa, nami nikawa msaidizi wa Magesa, kijana wa Kibara aliyesomeshwa na mama yake kwa kukausha dagaa. Alipoajiriwa, akamtafutia mama kazi humo humo, kukata minofu ya sangara.

Magesa aliandika programu ya kulinda vyumba vya baridi. Kila baada ya muda ilifungua folda ya vipimo vya joto, ikasoma mafaili moja moja, na chumba kikipata joto ikapiga king'ora. Ukifungua folda, mashine hukupa namba moja kati ya chache ilizonazo. Ukiifunga, namba hurudi. Magesa hakuandika closedir, amri ya kuifunga. Hata hivyo programu ilikwenda vizuri, huku umeme ukikatika karibu kila siku, naye akatembea kifua mbele, maskini.

Kisha tajiri mwenye kiwanda akanunua jenereta. Mashine ikawaka mfululizo, namba zikaisha, folda ikakataa kufunguka. Programu haikufundishwa kuuliza kwa nini, ikabaki na neno SALAMA kwenye kioo. Mtambo wa baridi umekufa, sangara wanaoza, sisi tunakunywa chai.

Asubuhi ile akina mama wakata minofu walirudishwa langoni, samaki wote wameoza na kiwanda kimefungwa. Mama yake Magesa alikuwa mbele, kisu chake amekifunga kwenye kitambaa.

"Sasa mimi nikale wapi, Magesa?"

"Mama, umeme ndiyo ulikuwaga unanifungia," alisema Magesa, akiangalia chini. "Ukikatika, mashine inazima, vyote vinafungika. Mimi sikujua."

Mama hakuelewa hata neno moja. Nilielewa mimi, na sikuwa na msaada wowote. Kiwanda hakikufunguliwa tena. Magesa hakugusa tena kompyuta, na mama yake alifariki akikausha dagaa za watu. Hata leo nikisoma programu za vijana, naziona folda zilezile ziko wazi, nakata tamaa kabisa.

Ulichokifungua kifunge mwenyewe, mwanangu, hata kosa likitokea katikati. Folda ikigoma kufunguka, uliza sababu kabla ya kusema salama. Na kazi yako usiiite nzima kwa kuwa tu shida, kama umeme ule wa kukatika, zimekusitiri. Mungu aiongoze mikono yako, na mama yako asirudishwe langoni kwa sababu yako.