Alama ya Jairo

Watu wa Tunduma, mji wa mpakani, wamezoea kuona kila kitu kikipita, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa mzee wa miaka sitini na nane aliposhinda siku kumi na moja kwa fundi simu, amekumbatia mashine ya gemu ya watoto. Walicheka tu. "Mzee Lwitiko kaanza utoto upya," walisema, wakaendelea na shughuli zao.

Lwitiko hakuwa na muda wa kuwajibu. Kule Isongole mama yake, bibi Tumpe, alikuwa hainuki tena kitandani, na alikuwa na ombi moja: aletewe udongo wa kaburi la Jairo, kitinda mimba wake, azikwe nao. Aliyejua kaburi hilo lilipo ni Lwitiko peke yake. Au tuseme, alidhani anajua.

Miaka kumi na tatu nyuma ndugu hao wawili waliendesha malori ya tajiri mmoja, wamefuatana, wakishusha mbolea Zambia. Malaria ikampanda Jairo kichwani, akafia kwenye kiti chake, gari limeegeshwa kando ya barabara. Polisi wakaandika karatasi zao, wanakijiji wakachimba, na tajiri akapiga simu kusema mzigo unasubiriwa. Lwitiko alizika asubuhi. Mchana akawa barabarani. Alichoacha ni alama kwenye kompyuta yake ya kiganjani iliyokuwa na ramani ya njia nzima. Aliiandika herufi moja tu, J.

Kompyuta hiyo ilishakufa, betri imevimba kama andazi. Memori kadi ilikuwa nzima, lakini simu zote za siku hizi ziliikataa programu ile ya zamani ya ramani. Ndipo Bushra, yule fundi, alipoitoa mashine ya gemu kwenye droo ya vitu vilivyosahauliwa na wateja.

"Shikamoo mzee. Hii ina emuleta," alisema. "Ni programu ya kujifanya mashine nyingine. Tutaidanganya ramani yako iamini bado imo kwenye kile kidude chako."

"Marahaba, mwanangu. Itakubali kudanganywa?"

"Itakubali. Ila mashine hii haishiki setilaiti. Itaonyesha alama ilipo, lakini wewe ulipo haitajua."

"Hata mimi sijui," alisema Lwitiko. Bushra akadhani ni utani.

Haukuwa utani. Miaka thelathini na minne ya barabara ilimwachia chumba cha kupanga nyuma ya maegesho ya malori, macho mabovu, na mke aliyechoka kungoja akarudi kwao. Watoto aliwajua zaidi kwa sauti ya simu. Tangu aache usukani, miaka sita sasa, zilipita siku ambazo hakuna mtu aliyemuuliza hata kama amekula. Alikuwa mpweke, na aliona haya kuwa mpweke kwenye mji wenye watu wengi namna ile.

Siku ya kumi na moja ramani ilifunguka, polepole, ikikwamakwama. Kusini mwa Mpika ikatokea J. Mzee akalia waziwazi, na Bushra, kwa adabu, akainamia simu aliyokuwa akiitengeneza. Kisha akahamishia vipimo vya alama ile kwenye simu ya Lwitiko, akampa na mashine. "Nenda nayo, mzee. Utanirudishia."

Keshokutwa yake, kabla ya saa nne asubuhi, basi lilimshusha pale simu ilipomwambia amefika. Palikuwa na majani yaliyoungua na nguzo ya umeme. Basi. Barabara ilishapanuliwa, miti imekatwa, kilima hiki hakina tofauti na kile. Alizunguka hadi jua likawa utosini. Alimwita Jairo kwa jina, kwa sauti kubwa, akajiona mjinga. Akafikiria kuchota udongo wowote ule, mama hataujua. Wazo hilo lilimtisha, akaketi.

Akaiwasha mashine, si kwa sababu yoyote, ila apate kusikia kitu. Programu ile ilikuwa na safari ya kuigiza: unachagua njia, mshale unatembea wenyewe kama gari linakwenda, na sauti ya mwanamke wa Kizungu inakuambia kona. Hakuna mtu aliyezungumza naye zaidi maishani kuliko mwanamke yule. Mshale ukashuka kutoka Mpika, ukaikaribia J, mashine ikalia mara mbili. Mguu wa kulia wa Lwitiko ukakanyaga breki ambayo haikuwepo. Akaanza kuhesabu kimoyomoyo, na mshale ulipofika mwisho wa mteremko mkono wake ukanyanyuka wenyewe kutafuta kamba ya honi.

Akajipiga paji la uso. Lori la tani thelathini halisimami kwa kuambiwa hapo hapo! Alama zake zote alizitanguliza kilomita moja na nusu, apate kupunguza mwendo mapema. Na hii ya Jairo aliitanguliza vilevile, ingawa hakuwahi kusimama. Alipiga honi tu, mara tatu, kama madereva wanavyowasalimu wenzao waliozikwa njiani, akapita.

Aliteremka kilima kwa miguu. Chini, nyuma ya nyumba ya tofali, kaburi lilikuwepo, limefagiliwa, limezungushiwa mawe. Bibi mmoja alitoka na ufagio wa majani mkononi.

"Mwaiseni, mukwai," alimkaribisha.

Kwa Kibemba chake cha barabarani Lwitiko alieleza yeye ni nani, na udongo aliotumwa na mama yake. Bibi akamsogelea.

"Wewe ndiye wa honi tatu?"

"Ndimi, mama."

"Ilipokoma tulingoja mwaka mzima. Tukasema, basi, na mwenzake amekufa. Tangu hapo nikifagia huwa nawaombea wawili." "Mbona hukusimama hata siku moja?"

Lwitiko alitafuta jibu, akalikuta lile lile la miaka yote. "Mzigo ulikuwa unasubiriwa," alisema.

Bibi alimkabidhi ufagio. Lwitiko akafagia kaburi la mdogo wake, ambalo tayari lilikuwa safi, na basi la kurudi Tunduma likapita bila yeye kuinua kichwa.