Shangazi Juu ya Bati

Juzi niliingia duka moja la vifaa vya umeme hapa Likoni kutafuta antena. King'amuzi changu kilikuwa kimeanza kuzikataa stesheni za hapa hapa nyumbani, na fundi aliniambia kosa si la king'amuzi. Kijana wa duka akaniwekea antena tatu mezani: moja bapa kama sahani, moja ya pembe mbili za kuvuta, na moja ndefu ya alumini, vijiti vyake vimepangwa kama mifupa ya samaki. Akaisifu sana ile bapa. Nikamuuliza, "Hii nitaielekeza wapi?"

"Popote, mama. Yajitafutia yenyewe."

Nikacheka, naye akanitazama asijue kilichonichekesha. Nikanunua ile ndefu nikaondoka. Kama nawe ulikulia mitaa ya kwetu enzi zile, wajua kwa nini nilicheka. Hatukuwa na kitu kilichojitafutia chenyewe. Kwetu Magogoni, kule Kisauni, tulikuwa na shangazi.

Alikuwa dada mkubwa wa baba, mjane, mfupi, mwenye viganja vipana. Aliamka kabla ya adhana kukanda mahamri ya kuuza, na jua likichomoza ua wote ulinukia iliki na mafuta ya moto. Sisi watoto tuliketi mkekani kusubiri yale yaliyotoka yamepinda, maana hayo hakuyauza. Nikishakula, kazi yangu ilikuwa kukuna nazi ya mbaazi, na nikizembea alinijua kwa sauti ya mbuzi bila kugeuka.

Hakusoma zaidi ya chuoni kwa mwalimu wa Qur'ani. Lakini baba alipoleta tivi, ile ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe, ni yeye aliyeielewa. Wanaume walipanda paani mmoja baada ya mwingine, wakaizungusha antena kama wakorogao uji, wakashuka wakisema tivi ni mbovu. Shangazi alitoka akasimama barazani, akatazama mapaa ya mtaa mzima. Akaona kwamba antena za nyumba zenye picha nzuri zote zimeelekeza vile vijiti vifupi upande mmoja, upande wa mjini. Akarudi ndani akasema, "Yetu imegeuka nyuma." Tangu siku hiyo akawa ndiye fundi.

Alikuwa na taratibu zake. Ncha za waya alizikwangua kwa kisu mara kwa mara, kwa sababu hewa ya chumvi huila shaba. Hakutaka antena iguse bati, wala isimame nyuma ya mnazi, kwani alishaona kwamba makuti yakilowa mvua picha huingia chenga. Na alipoizungusha, aliizungusha upana wa kidole tu, kisha akangoja. "Mpe nafasi afike," alisema, kana kwamba picha ni mgeni ajaye kwa miguu.

Mimi alinipa kazi ya dirishani, kuitazama tivi na kumpasha habari. Siku ya kwanza nilimwambia, "Nzuri, shangazi." Akateremka ngazi yote ili anifunze. "Usin'ambie nzuri," akasema. "N'ambie uonacho." Basi nikajifunza kusema nionacho: naona mtu hana kichwa, naona watu wawili, mmoja kivuli cha mwenziwe, naona mistari yateremka.

Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa mama wa Kigiriama aliyetoka Kaloleni, mcheshi, muuza mboga, mguu wake mmoja umevimba miaka mingi hata safari ndefu zikamshinda. Binti yake wa pekee alikuwa Nairobi, katika chuo cha ualimu, na ulikuwa mwaka wa pili hajaja nyumbani. Siku moja barua ikafika. Mwalimu wangu wa darasa, aliyekuwa amepanga chumba kwa jirani huyo, akamsomea: kwaya ya chuo imechaguliwa kuimba uwanjani siku ya sherehe za taifa, tivi itaonyesha, na binti atakuwa mstari wa mbele, wa tatu kutoka kushoto. Jirani akaomba asomewe tena, kisha tena. Halafu akaja kwetu akichechemea.

"Dada, siku hiyo nitakuja kukaa kwenu."

"Njoo mapema," shangazi akamjibu. "Kiti chako nitakiweka mbele."

Mkesha wa siku ile ikanyesha mvua ya upepo. Asubuhi tuliikuta antena imelala juu ya paa la jiko pamoja na bomba lake, imepinda, vijiti viwili vimekatika. Baba akaenda mbio dukani, akarudi na antena mpya ya pembe mbili, ya kuweka juu ya tivi, yang'aa. Tulipoiunganisha tulipata sauti ya ngoma na chenga tupu.

Shangazi akaitazama kidogo, akasema kwa upole, "Hii ni ya mtu akaaye karibu na mnara. Sisi tu mbali, na bati limetufunika. Niletee ile iliyopinda."

Akainyoosha juu ya goti. Penye vijiti vilivyokatika akafunga vipande vya fimbo ya pazia, ya alumini. Baba akasema atapanda yeye. "Wewe nishikie ngazi," shangazi akamwambia, akajifunga leso kiunoni, akapanda paa la jiko na kulisimika bomba.

Jirani alikuwa ameshaketi, amevaa gauni lake la kanisani, mguu juu ya kigoda. Mwalimu alisimama nyuma yake.

"Waona nini?" shangazi akauliza kutoka juu.

"Chenga."

Akasogeza. "Sasa?"

"Watu. Lakini kila mtu ni wawili."

"Ni lile gorofa," akasema. Kwa majuma kadhaa gorofa jipya lilikuwa likipanda upande wa mjini, na siku hiyo lilikuwa limeshatuzidi kimo.

"Dada, ielekeze mjini kama za wenzetu," baba akasema.

"Mjini kuna ukuta sasa."

Akaling'oa bomba, akalikumbatia na antena yake, akaanza kutembea juu ya paa la jiko kwenda pembe ya mbali, ambako gorofa halikuziba. Bati lilimlilia kila hatua. Baba alikuwa ameiacha ngazi, amfuata chini kwa mikono iliyofunguka, na mimi nikasahau kuitazama tivi mpaka nilipomsikia mtangazaji akizitaja kwaya za vyuo.

"Waona nini?"

"Mmoja mmoja sasa. Wamevaa nguo nyeupe."

"Wana nyuso?"

"Bado."

Akasogeza tena. Upana wa kidole. "Na sasa?"

Jirani alikuwa amesimama kwa mguu wake ule mbovu, kiganja amekiweka kwenye kioo cha tivi.

"Ndiye," akasema polepole. "Amekonda."

"Shangazi," nikasema, "naona mama yuamwona mwanawe."

Bomba halikuwa limefungwa popote, kwa hivyo huko juu shangazi alilishika mwenyewe, wima, juani, mpaka kwaya ikamaliza nyimbo zake mbili. Aliposhuka viganja vyake vilikuwa na alama nyekundu. Jirani akavishika vyote viwili.

"Mungu akuweke."

"Amin. Alikuwa wa tatu kweli?"

"Wa nne," jirani akasema. "Lakini nilimjua."

Shangazi ametutoka zamani, Mola amrehemu. Jirani alikwenda kuzeekea kwa yule binti, na nyumba zetu zote mbili zilivunjwa. Picha za siku hizi ni safi kuliko zote tulizopata kuona, nami sizidharau. Zikipata hitilafu huganda vipande vipande, kisha hazipo, nasi twakaa tukingoja zirudi. Zile za utotoni zilikuja nusu. Lakini nusu hiyo ilimpa mtu kazi ya kufanya, mmoja paani, mmoja dirishani, mwingine kwenye ngazi, na picha ikifika kila mmoja alijua mkono wake umo.

Shangazi mwenyewe hakumwona yule binti. Nyimbo zote mbili alizisikia kupitia dirishani, uso ameuelekeza angani, macho amefumba kwa ukali wa jua.