Mabakuli Yasiyo na Wenyewe

Pale Marlow Bend mtu akifiwa, akijifungua au akivunjika nyonga, hakuwa na haja ya kuwasha jiko lake wiki nzima. Kazi hiyo ilikuwa ya Verla Niekamp. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa kamati ya akina mama wa kanisa la Kilutheri, na ukuu wenyewe ulikuwa wa kupiga simu moja tu. Verla alimpigia Lorna Dierker, mke wa mchungaji, Lorna akampigia mwingine, na huyo naye mwingine, na kabla jua halijatua baraza la mwenye shida limejaa mabakuli ya kioo yaliyofunikwa kwa foili: viazi vya jibini, tambi za kuku, maharage mabichi yaliyookwa na uyoga. Hakuna aliyeulizwa shida yake imetoka wapi. Mzee Otto Kroeger alipoliangusha trekta mtaroni akiwa amelewa chakari, alilishwa hadi mguu ukapona, na kilo kadhaa akaongeza.

Verla mwenyewe alikuwa mjane mnene, mwenye viganja vipana vya mtu aliyekamua ng'ombe tangu utotoni, na ulimi usiokawia. Siasa hakuzipa muda. Chama chake kilikuwa kile cha marehemu mumewe, na kila mwaka wa uchaguzi vijana wa chama walikuja kuchomeka bango la mbunge Dwight Kessinger mbele ya nyumba yake bila hata kupiga hodi. Jimbo la Missouri lilipopiga marufuku utoaji mimba, aliisikia habari redioni huku anamenya viazi. Alisema, "Vizuri," akaendelea kumenya. Alidhani sheria hiyo imetungwa kwa ajili ya wanawake fulani wa mbali, wahuni wa jiji la St. Louis. Wote pale walidhani hivyo. Kumtungia sheria mtu usiyemjua ni kazi rahisi sana, tena ukimaliza unalala usingizi mnono.

Halafu ikawa zamu ya Shelby.

Shelby alikuwa mke wa Garrett, mtoto wa pekee wa Verla. Waliishi nyumba ya pili katika shamba lile lile, mlango ukitazamana na mlango. Mimba ilikuwa imefika katikati, jina la mtoto limeshachaguliwa, asubuhi moja chupa ya uzazi ikapasuka jikoni. Katika hospitali ya karibu, daktari kijana aliwaambia waziwazi kwamba mtoto hawezi kupona. Lakini moyo wake bado unapiga, akasema, na sheria hairuhusu mimba iguswe hadi maisha ya mama mwenyewe yawe hatarini.

"Kwa hiyo?" Shelby aliuliza.

"Kwa hiyo tunangoja."

"Tunangoja nini?"

Daktari alitazama viatu vyake. "Uumwe zaidi."

Verla alikuwa ameketi pembeni, mkoba mapajani. Kwanza alidhani kijana amekosea maneno. "We mwanangu," alimwambia, "ng'ombe wangu akifikwa na hili, daktari wa mifugo anakuja mbio hata na nguo za kulalia. Huyu ndiye mnangoja aoze?"

Daktari alirudi kutazama viatu vyake. Alikuwa anaogopa jela, na hofu ilikuwa imemkaa usoni wazi. Verla alimhurumia kwa dakika moja, kisha akamchukia.

Waliwarudisha nyumbani na kipimajoto. Ndiyo, kipimajoto, eti homa ikipanda warudi, maana hapo ndipo mama atakuwa ameugua kiasi cha kuiridhisha serikali. Homa ilipanda. Meno ya Shelby yakawa yanagongana na chumba kikaanza kunuka, harufu ambayo Verla aliijua kutoka zizini na hakutarajia kuikuta kwenye shuka za mkwewe. Garrett alimbeba mkewe akamlaza kiti cha nyuma cha gari, na alipofika njia panda ya hospitali hakukata kona. Alivuka daraja la mto Mississippi hadi Illinois, jimbo jirani lisilo na sheria hiyo. Ng'ambo hiyo hakuna daktari aliyetazama viatu. Walimkimbiza chumba cha upasuaji na maisha yake wakayaokoa. Kizazi hawakuweza.

Akarudishwa nyumbani, na Verla akakaa dirishani kutazama barabara. Mkuu wa kamati hajiitii chakula. Mwenye msiba haombi, wengine ndio humwombea, na Verla alikuwa ameishi kwa utaratibu huo tangu alipoolewa. Basi simu hakuipiga. Alimngoja Lorna aipige, maana habari zilikuwa zimeshaenea. Marlow Bend mtu hapigi chafya bila mtaa wa pili kujua. Gari likapita, likapita jingine. Hakuna lililopunguza mwendo. Wiki iliisha na baraza ni tupu.

"Usiwalaumu, Mama," Shelby alisema kutoka kwenye kochi. "Mimi nimekufa nusu. Hawajui walete chakula cha msiba au cha mgonjwa."

Verla alicheka. Kisha alienda bafuni, akafungua bomba ili asisikike, akalia.

Alimkuta Lorna dukani, kwenye foleni ya nyama.

"Verla mpenzi! Tunawakumbuka sana katika maombi."

"Maombi tumeyapata. Viazi ndivyo hatujaviona."

Lorna alitazama nyuma, akashusha sauti. "Unajua, tulionelea tungoje kwanza. Tujue hasa kilichofanyika kule Illinois. Watu wanasema mengi, na hatutaki kamati ionekane inabariki jambo."

"Otto Kroeger alikuwa amelewa, Lorna. Tulibariki pombe?"

"Hiyo si sawa na hii, mwenzangu."

"Daktari alingoja, na nyinyi mnangoja. Hata viazi!" Alikiacha kikapu chake sakafuni, akatoka.

Wakati huo jimbo zima lilikuwa linachemka. Wananchi walikuwa wamekusanya saini za kutosha, na mwezi wa Novemba kila mpiga kura angeulizwa kama sheria ile ifutwe. Chama kiliandaa karamu ya kambare wa kukaanga kuwatia watu moyo wa kuilinda. Verla alikwenda. Dwight Kessinger alimkumbatia mlangoni, mkono mmoja umeshika sahani.

"Mama Verla! Vijana wananiambia umeling'oa bango langu."

"Nimeling'oa. Kuku wananyea juu yake sasa hivi." Watu wawili watatu waligeuka. "Dwight, mimi ndiye niliyekufundisha shule ya Jumapili. Hebu niambie, mkwe wangu alitakiwa augue kiasi gani?"

"Pole sana kwa yaliyowapata. Lakini sheria iko wazi kabisa. Hao madaktari ndio wanaotia chumvi, wanataka kutuaibisha."

"Basi twende. Gari liko nje. Njoo umwambie Shelby hivyo hivyo."

"Tunawaombea, Mama," alisema mbunge, akang'ata samaki. Mafuta yalimtiririka kidevuni, naye akayapangusa kwa kidole, akakiramba. Verla alikitazama kidole hicho kwa kinyaa. Waliokuwa mezani wote, watu aliowapikia wakati wa vifo vyao na harusi zao, wakawa ghafla wanachambua miiba kwa bidii kubwa.

Kesho yake alichomeka bango la kuifuta sheria, la kwanza katika barabara ile nzima. Kabla ya Jumapili Lorna alikuwa amempigia kumwambia kwa upole kwamba kamati imeamua kumpumzisha, asijichoshe na masimu. Hao watu wanajua kuuma na kupuliza, na wanapuliza kwa sauti ya malaika.

Shelby na Garrett waliamua kuhamia ng'ambo ya mto. Garrett alikuwa ameshapata kazi huko kwenye ghala la nafaka. Verla hakulala vizuri tangu aliposikia. Nyumba ile ya pili ikifungwa, angebaki shambani na kuku na redio.

"Ngojeni kura angalau," aliwasihi.

"Mama, neno hilo usiniambie tena maishani." Shelby alisema bila hasira, na hilo ndilo lililomuuma Verla zaidi. Lakini alipoona uso wa mama mkwe wake, akalegea. "Haya. Hadi kura. Ila jua kwamba siikimbii sheria peke yake. Nitakaaje na watu ambao wangeniacha nife halafu waniletee mkate wa nyama mazikoni?"

"Si wote walio hivyo."

"Nionyeshe mmoja."

Siku ya kura Verla alikuwa karani kituoni, katika ukumbi ulio chini ya kanisa, kama miaka yote. Aliwaona wanakamati wote wakiingia, wakichukua karatasi, wakijifungia kwenye vibanda vyao. Lorna alikawia sana ndani ya chake. Jimbo liliifuta sheria, kwa kura chache. Na matokeo ya kituo yalipobandikwa mlangoni, Verla aliyasoma, akavua miwani, akaifuta, akayasoma upya. Marlow Bend nayo ilikuwa imepiga kura ya kuifuta.

Asubuhi alivuka uwanja karibu akikimbia. "Shelby! Wako nawe! Hapa hapa, watu wetu, wengi wao!"

"Kina nani?"

"Sasa nitajuaje, mwanangu, kura ni siri."

"Basi mimi bado siwajui." Shelby alikuwa anafunga vikombe kwenye magazeti. "Ndani ya kibanda, pazia limefungwa, kila mtu ni shujaa. Nani kati yao aliyegonga huu mlango?"

Jioni ya Ijumaa Verla na Shelby waliporudi kutoka mjini, baraza la Shelby lilikuwa limejaa. Mabakuli yalipangwa hadi kwenye ngazi, foili inang'aa, mengine bado ya moto. Verla alishika kifua. Hatimaye! Alijua Shelby ataona, ataelewa, vikombe vitatolewa kwenye magazeti. Aliinua bakuli la kwanza juu ya kichwa chake asome chini, maana kila mama pale hubandika kipande cha utepe chini ya bakuli lake na kuandika jina, ili limrudie.

Utepe ulikuwa umebanduliwa. Alama ya gundi ilibaki, mraba mdogo wenye vumbi. Alinyanyua la pili, la tatu. Yote yalikuwa yamebanduliwa.

Shelby alimtazama akiinua na kushusha. Aliingia ndani akaendelea na vikombe.

Verla alibaki kwenye ngazi, harufu ya jibini ikimpanda puani, harufu aliyoipenda maisha yake yote, na sasa ikamtia kichefuchefu. Kinyaa cha mbunge alikuwa amekizoea. Yule alisimama mchana kweupe na uovu wake. Lakini hawa! Walijua. Walijua kuwa msichana ameonewa, wakalisema gizani kwa kalamu, kisha wakakaa jikoni na kucha zao wakibandua majina yao, wasije wakaonekana na mwenzao ambaye naye muda ule ule alikuwa anabandua lake. Na kumficha nani, hasa? Verla aliyajua mabakuli yale kama anavyowajua ng'ombe wake. Lile la buluu lenye ufa kwenye kishikio ni la Lorna, alizawadiwa siku ya harusi.

Aliyapakia yote garini kama yalivyo.

Jumapili, baada ya ibada, watu waliposhuka kula, waliyakuta yamepangwa juu ya meza ndefu, baridi, hayajaguswa. Verla alikuwa amesimama nyuma ya meza, amevaa aproni.

"Haya yaliachwa kwa Shelby bila wenyewe," alisema. "Mkwe wangu si paka wa kuachiwa chakula mlangoni. Anayejua lake ajitokeze, aseme ni langu, na mimi nitamfikishia Shelby kwa jina lake, na nitampigia magoti kwa shukrani."

Hakuna aliyesogea. Otto Kroeger alikohoa. Mchungaji alimtazama mkewe.

"Sijui ni ya nani," Lorna alisema, akitabasamu kwa wote. "Lakini ni wazo zuri, jamani, sivyo?"

Verla alilichukua lile la buluu. "Hata hili?"

Lorna alilitazama bakuli lake la harusi. "Hata hilo," alisema.

Basi Verla aliburuta pipa la taka hadi kando ya meza, akachukua mwiko, akaanza kukwangua. Viazi vilianguka kwa vishindo vizito. Alikwangua moja baada ya jingine bila haraka, na ukumbi mzima ukasikiliza. Kisha alibeba mabakuli matupu jikoni, akajaza maji ya moto kwenye sinki, akayatumbukiza.

Hapo ndipo walipoanza kuja. Walikuja mmoja mmoja, kila mmoja akihakikisha aliyemtangulia ameondoka. Mke wa Otto alikuja na koti lake. "Lile la duara, Verla, lilikuwa la mama yangu," alinong'ona, akalitoa kwenye povu likidondoka maji, akalificha ndani ya koti. "Nilipiga kura ya ndiyo, ujue." Mwingine alikuja, akasema hivyo hivyo, akachukua lake. Mwingine akasema anampenda sana Shelby. Lorna alikuja wa mwisho. Alilifuta la buluu kwa kitambaa cha jikoni, nje na ndani, taratibu, kisha akalitia mkobani.

Jumatatu Garrett alileta lori. Tangu kura Verla alikuwa amejipangia maneno ya kumwomba Shelby abaki, ameyasema kwa kuku, ameyasema kwa kioo. Alivuka uwanja, akamkuta anavua shuka kitandani.

"Walisemaje jana kanisani?" Shelby aliuliza.

"Wamechukua mabakuli yao," alisema Verla, akashika upande wa pili wa godoro, wakalitoa nje.